Joto la usiku: mama, si malaria kila mara



Ukurasa huu wa usalama na afya husema mara nyingi juu ya kofia ya kazi, viatu, vumbi na macho. Leo tunaingia nyumbani, mpaka katika chumba cha kulala, kwa sababu huko kuna taabu inayosumbua wanawake wengi na watu hawaisemi. Taabu hiyo ni upungufu wa estrojeni katika mwili wa mwanamke. Jina ni geni, lakini mambo yenyewe mnayajua: joto linalopanda ghafula, jasho la usiku, usingizi unaokatika, hasira isiyo na sababu, maumivu katika mapenzi ya ndoa, mifupa inayovunjika kwa kuanguka kidogo.

Mimi ni msaidizi wa munganga katika dispanseri ya kampuni. Naandika habari hii kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea.

MAMA ALIYEKUJA MARA NNE

Mama mmoja, bibi wa mtumishi wetu, alikuja kwangu mara 4 katika miezi 6. Mara ya kwanza alisema: "Mwanangu, usiku mwili wote unawaka, halafu jasho, halafu baridi. Ni malaria." Watu walikuwa wengi mlangoni. Nikampa vidonge vya malaria bila kumpima damu. Mara ya pili nilifanya vilevile. Kisha yeye mwenyewe akanunua kinini sokoni, akanywa mpaka masikio yakaanza kulia. Mara ya tatu nilimtoboa kidole. Damu ilikuwa safi, lakini nikasema moyoni mwangu labda malaria imejificha, nikamtundikia serumu.

Mara ya nne ilikuwa mwezi wa 7, wakati wa baridi, ambapo sisi watu wa Kamina tunalala na blanketi mbili. Akaniambia kwamba watoto wake wanatetemeka kwa baridi, na yeye anafungua dirisha na kutupa kikwembe chini kwa joto. Ndipo nikaona haya kwa kutokumuuliza tangu mwanzo.

"Mama, unisamehe, mimi ni mtoto wako. Mwezi wako unaendaje?"

Akatazama chini, akacheka kidogo. "Ee, mwanangu! Hayo yameniacha tangu mvua za mwaka jana."

Alikuwa na miaka 48. Nilikuwa nimemtibu ugonjwa ambao hakuwa nao. Na nyumbani mambo yalikwisha kuharibika. Mawifi walinong'ona kwamba mwanamke anayewaka moto usiku ana kitu kibaya. Kuku 2 na pesa ya karo ya watoto zilikwisha kwenda kwa mufumu. Bwana wake alihamia chumba cha watoto. Yote hayo kwa jambo ambalo maneno machache yangeweza kulieleza.

ESTROJENI NI KITU GANI?

Kamina ni njia panda ya reli. Njia moja inatoka Lubumbashi, nyingine inakwenda Kananga na Ilebo, nyingine Kabalo na Kalemie. Wazee wa reli wanajua kwamba gari la moshi haliendi bila habari kutumwa kutoka kituo hiki mpaka kituo kile. Mwili nao ni hivyo. Una wajumbe wanaopita katika damu kupeleka habari kutoka kiungo hiki mpaka kingine. Wajumbe hao huitwa homoni.

Estrojeni ni homoni kubwa ya mwanamke. Mwaka 1929 wataalamu wawili, Doisy huko Marekani na Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, waliweza kuitenga safi kwa mara ya kwanza. Inatoka zaidi katika ovari, yaani vile viungo viwili vidogo vinavyotunza mayai ya uzazi, kimoja kila upande wa kizazi. Ndiyo inayoleta matiti kwa msichana na kusaidia kuandaa mwezi wake. Lakini kazi yake haiishi katika uzazi. Inalinda mifupa, inalinda mishipa ya damu, inalainisha njia ya uzazi na njia ya mkojo, na inasaidia ubongo kulala vizuri na kutawala joto la mwili.

Msichana huzaliwa na mayai yake yote, na hayaongezeki tena. Yakikaribia kwisha, ovari zinachoka na estrojeni inapungua. Kwa wanawake wengi jambo hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Mwanzoni mwezi unakuja ovyo: mara mapema, mara unachelewa, mara damu nyingi, mara kidogo. Ikipita miezi 12 mfululizo bila mwezi, tunasema mwezi umekoma. Hospitalini mtasikia jina la menopozi. Si ugonjwa, na si laana. Ni umri, kama mvi.

KWA NINI MWILI UNAWAKA?

Watumishi wa magari makubwa wataelewa upesi. Mashine ina kipimo cha joto. Ikipata moto, feni inaanza kuzunguka. Lakini kipimo kikiharibika, feni inaanza hata mashine ikiwa baridi. Katika ubongo wetu pia kuna kipimo cha joto. Estrojeni ikipungua, kipimo hicho kinakuwa kikali mno. Kwa joto dogo tu ubongo unadhani mwili unaungua, nao unafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho.

Kwa hiyo joto hilo huanza kifuani, linapanda shingoni na usoni, moyo unapiga kwa nguvu, jasho linatoka, halafu baridi inafuata. Mara nyingi linapita kwa dakika chache tu, chini ya 5. Malaria haina haraka hiyo. Homa ya malaria inakaa saa nyingi, kichwa na viungo vinauma, na kipimo cha homa kikiwekwa kwapani kinapanda. Katika joto la menopozi kipimo cha homa hakipandi kama katika malaria, hata kama mama anaona anaungua.

Wako akina mama wanaopata joto hilo mwaka mmoja tu. Kwa wengine linadumu miaka 7 au zaidi. Wengine hawalioni kabisa. Kwa hiyo, mama, usimcheke mwenzako kwa sababu wewe ulipita bila taabu.

Lakini tusikilizane vizuri: malaria iko huku kwetu, na inaua. Sisemi msijali joto. Nasema damu ipimwe kwanza. Kidole kinatobolewa, na baada ya robo saa jibu linatoka. Ikiwa malaria ipo, tunaitibu. Ikiwa haipo, tunatafuta sababu nyingine, wala hatusemi imejificha.

SI UMRI PEKE YAKE

Estrojeni inaweza kupungua hata kwa mwanamke kijana. Angalieni sababu hizi.

Kwanza, kunyonyesha. Mama anayenyonyesha sana ana estrojeni kidogo, na anaweza kuona ukavu na kukosa mwezi. Hilo ni la kawaida na linapita. Asiache kunyonyesha kwa ajili hiyo.

Pili, upasuaji. Pengine munganga analazimika kuondoa ovari zote mbili ili kuokoa maisha. Hapo estrojeni inaanguka kwa siku chache, na joto linakuja kwa nguvu kuliko kwa mama mzee. Kuondoa kizazi peke yake si sawasawa: mwezi unakoma, lakini ovari zikibaki zinaendelea na kazi. Mama aliyepasuliwa aulize wazi: "Mliondoa nini, na mliacha nini?" Ni haki yake kujua.

Tatu, kutokwa damu nyingi wakati wa kuzaa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoamuru ovari. Damu ikimwagika kupita kiasi, tezi hiyo inaweza kufa kwa kukosa damu. Mwaka 1937 munganga Sheehan wa Uingereza alieleza jambo hilo. Alama zake ni hizi: baada ya kuzaa kwa hatari maziwa hayatoki, mwezi haurudi hata baada ya miezi mingi, nguvu zinakwisha, baridi inamshika mama kila saa, na nywele za kwapani zinapotea. Watu husema amelogwa na wivu. Hapana. Mama huyo apelekwe hospitali upesi, maana pamoja na estrojeni anaweza kukosa homoni nyingine ambazo mtu haishi bila hizo.

Nne, mwezi kukoma kabla ya wakati. Katika kila wanawake 100, mmoja hivi au zaidi huachwa na mwezi kabla ya miaka 40. Si kosa lake. Lakini huyo anahitaji munganga kuliko wote, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakaa miaka mingi bila ulinzi.

Tano, njaa na kukonda sana. Mwili usio na akiba unafunga mlango wa uzazi. Mwezi unaweza kukatika mpaka chakula kirudi.

MAMBO YANAYOKUJA POLEPOLE

Joto linasumbua, lakini linapita. Kuna mambo mengine yasiyopiga kelele, nayo ni mabaya zaidi.

Mifupa inapungua nguvu, na inapungua kwa haraka zaidi katika miaka ya kwanza baada ya mwezi kukoma. Mama anabeba bidoni ya lita 20, anateleza kidogo katika lupango, anaweka mkono chini, na kiwiko cha mkono kinavunjika. Mwingine mgongo unapinda na urefu unapungua.

Moyo na mishipa vinapoteza mlinzi wao. Kabla ya menopozi wanaume hupatwa na magonjwa ya moyo mapema kuliko wanawake. Baada yake wanawake wanawafikia. Kwa hiyo tangu miaka 45 kila mama apime tansiyo, hata kama haumwi kitu.

Njia ya uzazi inakauka na ngozi yake inakuwa nyembamba. Mapenzi ya ndoa yanaleta maumivu, mkojo unachoma au unatoka mara kwa mara. Hapa natoa onyo: msiingize ndani majani, unga wa dawa wala sabuni. Wako wanaofanya hivyo ili kumpendeza bwana. Vitu hivyo vinachubua ngozi na kufungulia ugonjwa mlango. Maji safi nje yanatosha.

NINYI WANAUME

Mtumishi wa kazi ya usiku anarudi nyumbani asubuhi akitaka kulala. Bibi yake naye hakulala: aliamka mara 5 kwa jasho. Wote wawili wamechoka, na neno dogo linakuwa vita. Kesho yake bwana anapanda juu ya mashine na macho mazito. Mnaona sasa kwa nini habari hii imo katika ukurasa wa usalama. Ajali ya kazini pengine inaanzia nyumbani.

Bwana, bibi yako akikataa mapenzi kwa maumivu, usiseme ana mwanaume mwingine. Akifungua dirisha usiku, usiseme ana pepo. Wengine husema damu isiyotoka inapanda kichwani na kumharibu akili. Si kweli. Hakuna damu iliyobaki ndani, mwili umeacha tu kuitengeneza. Na kukoma kwa mwezi si kukoma kwa ndoa. Njoo naye dispanseri, kaa karibu naye, sikiliza.

Ninyi mashefu wa vikosi, kumbukeni kwamba leo wako akina mama wanaofanya kazi pamoja nanyi: katika maabara, katika ofisi, hata juu ya magari makubwa. Mama akiomba dakika 5 kutoka kwenye jua, au maji ya kunywa, au nguo ya kazi ya kubadilisha, si uvivu. Mpeni. Asishike usukani huku jasho likimwingia machoni.

UNAWEZA KUFANYA NINI NYUMBANI?

1. Lala na nguo nyepesi za pamba. Weka maji baridi na kitambaa karibu na kitanda. Fungua hewa, lakini lala chini ya chandarua.

2. Angalia ni kitu gani kinachoamsha joto lako. Mara nyingi ni pombe, lutuku zaidi ya yote, pilipili nyingi, au chai ya moto sana. Punguza.

3. Acha tumbaku. Wanaovuta sigara hufikia menopozi mapema zaidi, na mifupa yao inaharibika upesi.

4. Lisha mifupa. Bukari peke yake haitoshi. Kula samaki wadogo wakavu pamoja na mifupa yao, sombe, lengalenga, maharage, soja, na maziwa ukiyapata. Tembea kila siku, lima bustani, jua likupate.

5. Zuia kuanguka. Jaza mashimo ya lupango, weka taa kwenye njia ya choo, gawanya mzigo wa maji.

6. Usidhani huwezi tena kushika mimba. Mama wa miaka 46 aliyekosa mwezi apimwe mimba kwanza. Kama hutaki mtoto tena, endelea kujikinga miaka 2 baada ya mwezi wa mwisho ikiwa hujafika miaka 50, na mwaka mmoja ikiwa umepita 50.

NA DAWA?

Dawa zipo. Munganga anaweza kurudisha estrojeni kwa vidonge, kwa kibandiko cha ngozi, au kwa mafuta maalumu ya kupaka ndani kwa wenye ukavu. Mama mwenye kizazi chake hapewi estrojeni peke yake. Anaongezewa homoni ya pili, projestojeni, kwa sababu estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani ya kizazi.

Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani uliwatia hofu wanawake wa dunia. Waliokunywa homoni hizo mbili pamoja walipata saratani ya matiti na kuganda kwa damu zaidi kidogo kuliko wengine. Wengi wakatupa dawa. Baadaye wataalamu walisoma upya hesabu zile, wakakumbusha kwamba wanawake wale walikuwa na umri wa miaka 63 kwa wastani. Kwa mama wa chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu mwezi kukoma, mwenye joto linalomnyima usingizi, faida mara nyingi inapita hatari. Na yule aliyeachwa na mwezi kabla ya miaka 40 kwa kawaida anashauriwa kutumia homoni mpaka miaka 50 hivi, isipokuwa munganga amkataze.

Lakini hazinunuliwi sokoni wala kuazimwa kwa jirani. Aliyepata saratani ya matiti, aliyeganda damu mguuni au mapafuni, aliyepooza, mwenye ugonjwa mkubwa wa ini, au anayetokwa damu bila sababu kujulikana, asiziguse. Munganga anazo njia nyingine za kumsaidia.

USINGOJE!

Si kila jasho la usiku ni menopozi, kama vile si kila joto ni malaria. Njoo upesi ukiona jambo moja katika haya:

— Damu inatoka tena, hata tone moja, baada ya mwaka mzima bila mwezi, au inatoka baada ya mapenzi. Inaweza kuwa saratani ya kizazi au ya mlango wake. Saratani ya mlango wa kizazi inaua wanawake wengi wa Kongo, na ikionekana mapema inatibika. Wengine wanafurahi wakisema ujana umerudi. Msifurahi, njooni.

— Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, na kukonda. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu. Familia za wachimbaji ziangalie sana, maana vumbi la mawe linadhoofisha mapafu ya mtumishi, na kifua kikuu kinampata upesi na kuingia nyumbani.

— Homa iliyopanda katika kipimo.

— Uvimbe katika titi.

— Huzuni inayokufanya utamani kufa.

Yule mama wa mara 4? Tulimpima tansiyo, sukari, damu na kikohozi, tukampeleka kwa munganga. Bwana wake alikuja naye, akakaa kimya mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Basi si ugonjwa wa mimi kuambukizwa?" Nikamjibu hapana. Akarudi katika chumba chake. Joto halijakwisha lote, lakini mama analala, na watoto wamerudi masomoni.

Mimi nami nimeandika juu ya meza yangu maneno haya, nanyi myaweke moyoni: Pima kwanza, uliza pili, dawa mwisho.

Akina mama, msione haya mbele yetu. Ikiwa mimi ni mtoto wako, mwambie mtoto wako. Na ikiwa ni ngumu kusema na mwanaume, omba kuonana na muuguzi mwanamke.